Makofi ya Njia ya Baiskeli

Kiangazi cha mwaka ule hakikuwa na adabu. Visima vyote vya mji wa wanyama vilikauka, ikabaki chemchemi moja tu nyuma ya kilima. Barabara ya kwenda huko ilikuwa moja, nayo ilikuwa ya wakubwa. Tembo akipita, kapita. Nyati akipita, usimwambie kitu. Wadogo walibeba madumu ya maji kwa baiskeli, wakijibanza pembeni, roho mkononi.

Siku moja Nyati alimgonga mke wa Sungura, akamvunja mguu, wala hakugeuka. Tangu hapo Sungura alifuata maji peke yake, na kila alipopanda baiskeli watoto wake walimtazama kama wanaomuaga. Hilo lilimuuma kuliko kiu.

Wadogo wakaenda kulia kwa Mfalme Simba. Simba, anayependa sifa kuliko nyama, akatangaza: "Ijengwe njia ya baiskeli! Na wananchi washirikishwe!" Kazi ya kuwashirikisha akampa Fisi, sijui kwa sifa gani, labda kwa kuwa ndiye aliyecheka kuliko wote mfalme alipotania.

Fisi akaitisha mkutano, akatundika ramani. Njia iliiacha barabara, ikazunguka kilima, ikakata kona kali mbele ya pango la Fisi mwenyewe.

Mji ule ulikuwa na ugonjwa wake: hakuna kisichopigiwa makofi. Mgeni rasmi akifika, makofi, akikohoa, makofi.

"Ndugu wananchi, mnaitaka njia?" Fisi akauliza.

Makofi.

"Basi itapita hapa!"

Wakapiga tena, kwa mazoea tu.

Sungura akanyoosha mkono. "Mheshimiwa, mbona inapita mlangoni kwako?"

"Maoni yamefungwa, ndugu yangu. Hukusikia makofi?"

Kumbe hata Sungura alikuwa amepiga. Akavitazama viganja vyake kwa hasira.

Njia ilipokaribia kwisha, alikwenda kuichungulia. Pale kwenye kona alikuta shimo refu limefunikwa kwa matawi na mchanga. Mlangoni pa pango Mama Fisi alikuwa akitwanga chumvi na pilipili, akiwatuliza wanawe: "Vumilieni. Siku ya uzinduzi chakula kitakuja chenyewe, tena kwa baiskeli."

Siku hiyo ikafika. Fisi, mate yakimtoka, akatangaza: "Wadogo watangulie!"

"Tumtangulie mfalme?" Sungura akadakia. "Hiyo adabu ya wapi? Mfalme aizindue mwenyewe, kwa baiskeli yangu! Makofi kwa mfalme!"

Makofi yakarindima. Simba akavimba kichwa, akaishika baiskeli.

"Mtukufu," Fisi akababaika, "jua kali, na ile kona... afadhali upite barabarani."

"Maoni yamefungwa, Mheshimiwa," Sungura akasema. "Hukusikia makofi?"

Simba akaondoka kwa mbwembwe, wananchi wakimfuata nyuma. Alipofika konani, tumbukwi! Watoto wa Fisi wakatoka mbio na sahani, na mama yao akamwaga chumvi shimoni kabla ya kutazama kilichomo. Aliyeibuka alikuwa mfalme, pilipili machoni na chumvi kwenye ndevu.

"Nani aliyepanga njia hii?" akanguruma.

"Wananchi, Mtukufu," Fisi akasema. "Walipiga makofi. Si ndiyo, ndugu zangu?"

Kwa mara ya kwanza katika mji ule, hakuna mkono uliosogea.

Simba akampiga kofi moja la kiunoni, na ndiyo maana hadi leo fisi hutembea kiuno kimemshuka. Wananchi wakaitwa upya, wakaulizwa, wakajibu kwa midomo yao. Njia ikachorwa moja kwa moja kando ya barabara, mawe makubwa yakapangwa katikati kuzitenganisha, na Nyati akajifunza kupita upande wake.

Siku moja mke wa Sungura, mguu umeshapona, alikuwa akirudi na maji yake. Akamkuta Fisi ameketi kandokando, akikikanda kiuno chake.

"Mama, unanipita tu?" Fisi akalalama. "Hata pole hunipi?"

Mke wa Sungura akapiga kengele ya baiskeli, akamjibu bila kusimama: "Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole."