Damu Kwenye Leleshwa

"Usipoiona damu, azima macho."

Wajukuu wa Bibi Nthoki waliyasikia maneno hayo asubuhi, mjomba wao alipokuwa akimwambia fundi aliyejenga ukuta ukapinda, naye akakataa katakata kumwita mwenzake autazame. Mchana walipokuwa jikoni wakiambua mbaazi pamoja na Bibi, Mutheu, mmoja wao, akauliza, "Bibi, ukuta na damu vinahusiana nini?"

"Havihusiani," Bibi akasema. "Methali hii ilianzia porini, na aliyeyatamka maneno yenyewe hakuwa na nia ya kutunga methali. Sogezeni ungo niwaeleze ilivyokuwa."

Zamani, watu walipokuwa bado wakiwinda kwa uta, palikuwa na mwindaji aitwaye Ngumbau katika kijiji kilichokuwa chini ya vilima vya Kavumbu. Kutoka kijijini hadi upeo wa macho ilikuwa nyika ya leleshwa, vile vichaka vya majani ya kijivu vinavyonuka kama kafuri nguo ikivigusa. Humo walikaa tandala, wanyama wenye masikio mapana na pembe za kujisokota, ambao rangi yao na rangi ya leleshwa ni moja. Tandala akisimama kimya, unaweza kumpita ukiwa karibu naye usimwone.

Ngumbau alikuwa akiwaona. Alikuwa akiona hata unyasi uliolazwa na kwato, na tone la damu dogo kuliko punje ya wimbi. Wawindaji wengine walipopoteza njia ya mnyama walikuja kumwita, naye aliinuka, akaenda, akainama, akasema, "Amepita hapa." Basi wakamfanya mkubwa wa wawindaji. Vijana wote wa kijiji walifunzwa naye kushika uta, na jambo la kwanza alilowafunza halikuwa kulenga. Aliwaambia hivi: mnyama aliyechomwa mshale wa sumu haachwi. Hufuatwa mpaka apatikane. Akishindikana, mwindaji hurudi upesi kutoa habari ili watu wakalinde maji, kwa maana sumu huwasha kiu, na mnyama mwenye kiu hiyo hatafuti kitu kingine.

Umri ulipomwingia, macho ya Ngumbau yakaanza kufanya ukungu. Mwanzoni alidhani ni moshi wa jikoni. Kisha akajua kwamba si moshi, lakini hakumwambia mtu. Mkewe alipompa mshale wenye unyoya uliolegea ili aufunge upya, aliupapasa kwa vidole akajifanya anafikiri. Walipomwonyesha mbuzi kilimani alisema, "Ndiyo, nawaona," naye anaona kilima tu. Vitu vikubwa vya mbali aliviona kama vivuli. Vidogo vilivyokuwa miguuni pake vilikuwa vimekwisha kumpotea.

Mwaka huo mvua ilikataa kunyesha. Mto ulikauka ukabaki mchanga, na watu wakachimba kisima kimoja mtoni, wakakizungushia ua wa miiba. Maji yalitoka kidogo kidogo, ya rangi ya chai, na kila nyumba ilikuwa na zamu yake.

Katika siku hizo za njaa Ngumbau alitoka kwenda kuwinda na mkwe wake, Mulatya, aliyemwoa binti yake Mbeneka. Mulatya alikuwa mtu mpole, mfupi wa maneno, na mwindaji wa kawaida tu. Mara moja ujanani aliwahi kumwacha swala aliyejeruhiwa kwa sababu giza liliingia, na kijiji hakikulisahau jambo hilo. Lakini alimheshimu baba mkwe wake kama ipasavyo. Alitembea nyuma yake na hakumtangulia kusema.

Jua lilipoanza kuinama, upepo ukiwa unawajia usoni, Ngumbau aliona kivuli kirefu kikisimama kati ya vichaka. Kivuli kikageuza kichwa, akaziona pembe. Akavuta upote, ile kamba ya uta, mpaka sikioni, akaachia. Mshale ukalia, kisha ukaja mlio mwingine anaoujua kila mwindaji, mlio mzito kama konzi juu ya gunia la mtama. Tandala akaruka, leleshwa ikavunjika, pakawa kimya.

Ngumbau akaenda mahali pale, akainama kama alivyoinama maisha yake yote. Aliona majani, tena si majani, ukungu wa kijivu tu. Akasogea. Akainama tena. Alijua damu ipo. Ilikuwepo lazima, na huenda alikuwa akiikanyaga. Nyuma yake Mulatya alisimama akingoja, na Ngumbau alihisi macho ya mkwe wake mgongoni kama jua.

Angeweza kusema, "Njoo utazame." Ni maneno mawili tu. Aliyafikisha mpaka mdomoni, yakakwama. Akawaza habari itakavyofika kijijini, kwamba Ngumbau ameonyeshwa njia na mtu aliyemwacha swala.

Akasimama wima. "Nimekosa," akasema. "Umepita juu. Twende zetu."

Mulatya akamtazama, akatazama vichaka, akafungua kinywa, kisha akakifunga. "Haya, baba," akasema. Wakarudi.

Asubuhi iliyofuata wanawake walimkuta tandala kisimani. Alikuwa amevunja ua wa miiba, ameingia kichwa mbele, amefia majini. Mti wa mshale ulikuwa umekatika njiani, ncha yake imebaki ubavuni, yenye sumu nyeusi. Hakuna aliyethubutu kuonja maji yale. Kisima kikafukiwa, na toka siku hiyo wanawake wakawa wanavuka vilima kwenda kuchota, wakitoka alfajiri na kurudi jua likiwa utosini.

Wazee wakaitisha baraza. Kila mtu alijua waliokwenda upande ule ni wawili, na kati ya wawili hao hakuna aliyeweza kumdhania Ngumbau, aliyemfunza kila mtu sheria. Ngumbau mwenyewe alikuwa ameketi pale mbele, upande wa waamuzi, mahali pake pa siku zote. Hakuna aliyemwuliza neno.

Mzee Muthengi, msemaji wa baraza, akamgeukia Mulatya. "Mlikuwa wawili. Ni mshale wako?"

Mulatya akainua macho akamtazama baba mkwe wake. Ngumbau hakuuona uso wake vizuri, ila alijua unamwelekea. Akasema moyoni, sasa nitasema. Akangoja apate pumzi.

"Nimekuuliza, Mulatya," Mzee Muthengi akarudia.

"Kama baba yangu hapo hana neno," Mulatya akasema, akiangalia chini, "mimi nami sina neno."

Watu wakaguna. Waliyasikia maneno hayo kama kukiri, kwamba anamwachia mkwewe amhukumu. Pumzi ile aliyoingoja Ngumbau ikaja ikapita, naye hakusema kitu. Mulatya akahukumiwa kuchimba kisima kipya peke yake. Upote wake ukakatwa mbele ya watu, ishara kwamba si mwindaji tena mpaka baraza limrudishie. Kisu kiliwekwa mkononi mwa mkubwa wa wawindaji, kama ilivyo desturi. Ngumbau akaukata, na mkono wake ukatetemeka. Watu walidhani anatetemeka kwa hasira juu ya mkwe wake, wakamhurumia.

Tangu siku hiyo chakula hakikumshuka. Aliketi nyuma ya nyumba, mahali ambapo wapita njia hawamsalimii, kwa kuwa kila salamu ya heshima ilimchoma. Mkewe alipomwuliza kama anaumwa alisema ni tumbo.

Kisha Mbeneka akaja. Alikuwa mjamzito, mimba yake kubwa, na alikuwa ametoka ng'ambo ya vilima na mtungi mgongoni, kamba imemkata paji la uso. Kabla hajafika kwake alipita kwa baba yake, akamjazia kibuyu, akampa kwa mikono miwili.

"Kunywa, baba."

Ngumbau akakipokea. Maji yalikuwa baridi. Hakuweza kuyainua.

"Naona hata kula umeacha," Mbeneka akasema. Alikuwa amepiga magoti, sauti yake ndogo. "Mama amenieleza. Najua ni kwa ajili yetu. Nisamehe, baba. Mume niliyekuletea amekuaibisha mbele ya watu."

"Yeye amekwambia nini?"

"Hasemi kitu. Nikimwuliza anachukua jembe anarudi mtoni. Mtu asiye na hatia angejitetea."

Akaubeba tena mtungi wake mgongoni, akaondoka polepole, mkono mmoja kiunoni. Ngumbau akabaki na kibuyu. Amewahi kukosa shabaha, amewahi kulala njaa, amewahi kukimbizwa na nyati akapanda mti wenye miiba, vijana wakacheka. Hakuna hata moja kati ya hayo lililofanana na maji yale. Akayamimina polepole kwenye mtungi wa mkewe bila kuyaonja, akachukua fimbo yake, akashuka mtoni.

Mulatya alikuwa ndani ya shimo, mchanga umemfika kifuani. Alipomwona mkwewe akasimamisha jembe, akajifuta uso.

"Shikamoo, baba."

Ngumbau hakuitikia. Salamu ile hakuona kwamba ni yake. Akakaa chini ukingoni, juu ya mchanga wa moto, jambo ambalo mzee hafanyi mbele ya mkwe.

"Uliusikia mshale," akasema.

"Niliusikia."

"Ukajua umepata."

"Nilijua, baba."

"Mbona hukuniambia?"

Mulatya akajipangusa mchanga mikononi. "Ulisema umekosa. Wewe ndiye uliyenifunza. Nikadhani una sababu yako nisiyoifahamu. Na barazani nikadhani utaisema."

"Sikuwa na sababu," Ngumbau akasema. "Damu sikuiona, Mulatya. Siioni. Hata uso wako hapo siuoni, naona kivuli. Ni muda mrefu sasa."

Mulatya akaegemeza jembe ukutani mwa shimo.

"Baba, damu ilikuwa kwenye kila jani," akasema taratibu. "Leleshwa yote ilikuwa nyekundu. Uliinama juu yake. Kama huioni damu si ungeazima macho? Yangu yalikuwa hapo hapo nyuma yako."

Hakuyasema kwa ukali, na hilo ndilo lililomwinamisha Ngumbau zaidi. Alilia, mzee yule, bila sauti, na mkwe wake akageuka akatazama upande mwingine, akaendelea kuchimba, ili asiwe amemwona.

Jioni hiyo hiyo Ngumbau alimwomba Mzee Muthengi aite watu. Walipokusanyika hakuketi mahali pake. Alisimama pale alipokuwa amesimama Mulatya, uta wake mkononi, akayasema yote, la mshale, la damu, la macho, na la kisu. Hakujitetea kwa njaa wala kwa uzee. Aliyarudia na maneno ya Mulatya kama alivyoambiwa, kwa sababu hakuweza kupata mengine yaliyo sahihi zaidi.

"Mliulizana nani alifanya," akamaliza. "Nilikuwa nimeketi hapo mbele yenu."

Mzee Muthengi, rafiki yake tangu utotoni, alishindwa kumtazama. Ngumbau akautoa upote wake mwenyewe, akauweka chini. Mbeneka alikuwa nyuma pamoja na wanawake. Alipita katikati ya watu mpaka kwa mume wake, akasimama karibu naye, na kwa baba yake hakwenda.

Walimrudishia Mulatya uta, na baadaye wakamfanya mkubwa wa wawindaji, ingawa alikataa mara nyingi. Ngumbau alikwenda mtoni kila siku kuvuta mchanga kwa kapu mpaka maji yakatoka. Mbeneka alijifungua salama. Alimletea baba yake mtoto ampakate, ila ilichukua muda, na siku alipomleta hawakuzungumza mengi.

Lakini msidhani mambo yaliishia kwenye msamaha. Kijiji kiliyachukua yale maneno. Mtu akijikwaa, wenzake wakamwambia, "Azima macho." Mke akiunguza uji, aliambiwa, "Damu hukuiona?" Wakacheka, kisha wakamkumbuka mzee aliyeketi karibu, wakanyamaza ghafla, na kunyamaza kwao kulikuwa kubaya kuliko kicheko. Ngumbau alikuwa akiinamisha kichwa. Hakuwahi kumkataza mtu.

Miaka ikapita, naye akawa hawezi hata kuona vivuli. Siku moja alikwenda na mkewe kwenye soko la mbali, huko ambako hakuna aliyemjua. Mkewe alipokwenda kununua chumvi, yeye akabaki mbele ya mwanamke aliyeuza ugoro, akipapasa vifurushi kimoja baada ya kingine, akijifanya anachagua. Mazoea ya zamani hayafi upesi.

Mwanamke yule akamtazama, akamwonea huruma.

"Mzee wangu, usione haya," akasema. "Niambie unataka upi nikutafutie. Sisi huku husema, usipoiona damu, azima macho."

Mkono wa Ngumbau ukasimama.

"Nani alisema hivyo?" akauliza.

"Aa, hata sijui, mzee. Ni maneno ya wahenga."

Ngumbau akainamisha kichwa, kama alivyozoea kila alipoyasikia. Kisha akarudisha vifurushi vyote mahali pake, akamnyooshea mkono mwanamke asiyemjua.

"Basi niazime, mama," akasema. "Mimi sioni."

Na ndivyo ilivyo mpaka leo: usipoiona damu, azima macho.