Waya wa Ndani

Kulikuwa na fundi mmoja wa kompyuta katika hospitali ya misheni. Alipewa kazi ya kuwawezesha wagonjwa kusoma majibu ya vipimo kwenye simu zao, wasipange tena foleni dirishani na kuitwa majina mbele za watu. Kazi njema, wapendwa. Nani kati yetu hajawahi kuitwa pale dirishani akatamani ardhi ipasuke?

Seva, yaani kompyuta kuu, zilikuwa mbili. Ya mbele ilipokea maswali kutoka kwenye simu za watu. Ya nyuma, kwenye chumba cha ndani, ndiyo iliyotunza majibu. Mtu akiuliza, ya mbele humwuliza mwenzake wa nyuma, kisha humrudishia mgonjwa jibu. Fundi akaifunga ile ya mbele barabara. Akaitafutia cheti cha usalama wa mtandao, akapanga maneno yavurugwe njiani, hata mdukuzi akiyanasa aambulie herufi zisizosomeka. Kwenye simu kikaonekana kikufuli kidogo, na watu wakakipenda.

Fundi mwenzake akamwuliza, "Na huu waya unaotoka seva ya mbele kwenda ya nyuma? Hapa maneno yanapita wazi."

"Huo uko ndani," fundi akajibu. "Humu ndani si tuko sisi kwa sisi?"

Basi akauacha.

Fundi huyo alikuwa na mdogo wake wa kike, aliyemlea mwenyewe tangu wazazi walipofariki. Siku moja binti akamwendea, macho chini. "Kaka, nikipima kwenu, habari zangu zitabaki zangu?"

"Mdogo wangu, kuna kufuli. Hata mimi sioni."

Akapima, akakutwa na virusi vya UKIMWI. Alisoma peke yake, akalia peke yake, akanawa uso, akaanza dawa. Hakumwambia mtu.

Jumapili iliyofuata ilikuwa zamu yake kuwapikia chai akina mama wa kikundi cha maombi kanisani. Alikaanga na maandazi. Ndugu zangu, chai ile ilipoa. Huyu amefunga, huyu tumbo linamsumbua, yule ana haraka. Mama mmoja akamshika bega, akamnong'oneza, "Tunakuombea, mwanangu." Hapo akajua. Akabeba sinia lake likiwa limejaa vilevile, akatoka, na mpaka leo kaka yake hajui alipo. Simu yake haipatikani.

Fundi aliposikia yaliyompata mdogo wake, akamtafuta mwizi wa habari zile. Akakagua seva ya mbele: kufuli zima, hakuna mtu wa nje aliyeingia. Mwisho akaufuata ule waya, ukamfikisha kwenye meza ya karani wa masjala, ambaye kompyuta yake ilikuwa imeunganishwa papo hapo. Karani hakukana.

"Nilichungulia tu yanayopita, nikaona jina la dada yetu," alisema, na machozi yalimtoka kweli. "Sikumwambia mtu wa nje. Nililipeleka kwenye maombi ya kikundi chetu."

Fundi akakaa sakafuni. Baadaye aliufunga waya ule kama alivyofunga mlango wa mbele. Unajua ilimchukua muda gani? Muda wa kuchemsha chai.

Mmemkasirikia karani? Mimi nilimkasirikia, mpaka nilipoanza kuhesabu majina niliyoyabeba mimi mwenyewe. Sisi tumejifungia vizuri upande wa dunia. Mpita njia hapati neno kwetu. Lakini kati ya benchi na benchi, je? Tunaanza na "tumwombee fulani," na kabla ya amina habari zake zimeshafika sokoni. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Leo kila mmoja wetu ajiulize yumo kwenye nguo ya nani.

Mungu anazijua shida za mtu kabla hatujazitangaza. Wiki hii, kabla ya kulitaja jina la mwenzetu, twende tukamwulize mwenyewe kama ameturuhusu. Na yule dada ambaye siku hizi hatumwoni hapa, tusikimbilie kusema dunia imemchukua. Tukumbuke kwanza ni nani aliyeiacha chai yake ikapoa.