Faili la Mzee Kapaya Ni la Nani?

Sogeeni karibu, na anayetafuna karanga atafune polepole, maana hadithi hii ina sauti ndani yake, na ukiikosa sauti umekosa yote.

Walikuwepo watu watatu, kila mmoja na alichojaliwa. Kashindye, mtoto wa fundi cherehani wa Cheyo, pale Tabora, alijaliwa mikono. Kitu chochote kilichofungwa yeye alikifungua, akakitengeneza, akakifunga tena kikawa kizuri kuliko kilivyotoka kiwandani. Mrisho, jirani yake ukuta kwa ukuta, alijaliwa kutoweza kula peke yake. Mpe muwa mmoja, ataukata pingili sita, na wawili kati ya anaowagawia hata hawajui majina. Wa tatu ni Sikitu, ambaye wale wawili hawakumjua hata kwa sura. Yeye alijaliwa kutunza. Daftari zake za darasa la kwanza anazo mpaka leo, na ole wako uziguse.

Lakini sisi tutakaa karibu na mtu wa nne, Nyamizi, kwa sababu mzigo wote ulikuja kumwangukia yeye. Nyamizi ni binti wa Mzee Kapaya. Na kama hukuwahi kumsikia Mzee Kapaya akitangaza mechi za ndondo, ule mpira wa mitaani, kwenye uwanja wa Cheyo, pole sana, umezaliwa umechelewa.

Jamani, siku zile! Mistari ya uwanja ilichorwa kwa majivu, magoli yalikuwa ya miti, na Jumapili saa kumi mtaa mzima ulihamia pale, wenye mpira wao na wasiojua hata mpira ni nini. Mzee Kapaya alisimama juu ya kreti la soda na kipaza sauti chake cha betri. Alikuwa akisema: "Shija anampiga chenga beki, anampiga tena, beki anauliza njia ya kurudi kwao!" Mpira ukitoka ukaangukia uani kwa Mama Tausi, mwanamke aliyekuwa maarufu kwa kuichana mipira, Mzee alibadilisha sauti ikawa ya ombaomba: "Mama Tausi, tunakusalimu, shikamoo, weka kisu chini, mpira ule ni wa yatima." Watu walicheka mpaka refa akasahau kupuliza. Pembeni ya kreti alikaa Nyamizi, miaka kumi na mitatu, na jagi la maji, na hapakuwa na mtoto Tabora nzima aliyejivunia baba kama yeye.

Miaka hiyohiyo ndipo gemu za kompyuta zilipoingia mjini. Gemu ya mpira ilikuwa na timu za Ulaya tu, na vijana wa Cheyo walicheza hivyohivyo, mtu mweusi tii wa hapohapo mtaani anajiita Mdachi. Kashindye alicheza wiki moja, akaweka pedi ya kuchezea chini.

"Mbona sisi hatumo?" akauliza.

Akaifungua gemu. Miaka miwili aliifanyia kazi kwenye kafe ya intaneti, picha kwa picha, mpaka akatengeneza nyongeza, yaani kitu unachokipachika ndani ya gemu nayo inabadilika. Ukiwasha unaziona timu za mtaani: unawaona Cheyo Stendi na jezi zao zilizopauka, unawaona Nyuki wa Isevya, unauona uwanja na majivu yake, na ukuta wa Mama Tausi upo palepale. Kisha akaenda kwa Mzee Kapaya na kinasa sauti. "Kama ni kwa ajili ya watoto wa mtaani, rekodi mwanangu," Mzee akasema, akatangaza mechi za kubuni alasiri tatu mfululizo. Kashindye alikata na kupanga kila neno. Ila kuna moja lilimponyoka. Katikati ya kurekodi Mzee alisema, "Nyamizi mwanangu, niletee maji, koo limekauka," na sentensi hiyo ikaingia kwenye gemu. Basi kila mpira ukitoka nje, Mzee anaomba maji.

Mwishoni Kashindye akaandika maneno yake na kuyaweka ndani ya nyongeza: Hii ni bure. Usiisambaze popote bila ruhusa yangu. Alikuwa na sababu. Kabla ya hapo aliwahi kutengeneza jezi za gemu, kijana mmoja wa mjini akazichukua, akafuta jina la Kashindye na kuweka lake, na akasifiwa. Kidonda hicho kilikuwa hakijapona. Sasa, wambea mtaniuliza: na yeye aliruhusiwa na nani kuifungua gemu ya watu? Kweli, ukurasa wa kwanza wa gemu ileile ulikuwa umeandikwa usifungue, usibadilishe. Kashindye aliuruka ukurasa huo, kama mimi na wewe tunavyouruka.

Mrisho alipewa nakala moja kwenye sidii, akaapishwa asiisambaze. Aliapa kweli, na kwa miezi miwili alijitahidi. Lakini ilikuwa Septemba, vijana wa Cheyo wanaondoka kwenda vyuoni, mmoja Mbeya, mmoja Dodoma, mmoja ng'ambo kabisa, na kila anayeondoka anamshika Mrisho mkono: "Kaka, nitamsikia wapi tena Mzee Kapaya?" Mrisho moyo wake mnauelewa. Akaliweka faili kwenye mtandao wa kugawana mafaili. Huko hakuna ghala wala mwenye ufunguo. Kila aliyenalo anawamegea wengine maadamu kompyuta yake inawaka, na siku wote wakizima, faili limekufa.

Likaruka! Miezi mitatu baadaye Kashindye akapata barua pepe kutoka Uruguay. Mtu asiyemjua anaeleza kwamba yeye na wenzake mpira wa kurusha sasa wanauita "nyamizi", kwa kuwa ndilo neno la kwanza wanalolisikia, na wanaomba kuambiwa maana yake. Mtu mwingine angecheka. Kashindye alitoka nje akamkuta Mrisho anafua.

"Mwizi wewe!"

"Nimeiba nini? Chako si bado unacho?"

"Umeiba neno langu. Nilisema usisambaze, ukaapa."

"Kashi, watu wanampenda Mzee mpaka Uruguay!"

"Wanampenda bila ruhusa yangu."

Mtaa mzima ulisikia, na jina la mwizi likamganda Mrisho kama kupe. Kashindye hakugusa gemu tena. Wakakaa ukuta kwa ukuta miaka kumi na miwili bila salamu, na mama zao wakiazimana chumvi kama kawaida.

Naye Sikitu? Alizaliwa Tabora, baba yake akahamishiwa Sumbawanga, akaenda akilia. Huko ndiko alikolikuta faili. Jumapili akimaliza kufua alicheza mechi moja, na si kwamba alipenda mpira. Alitaka kusikia kwao. Maneno ya Kashindye aliyasoma, hakujifanya kipofu, na bado akaacha kompyuta inawaka ili wengine wachote. Mwanzoni wanaogawa walikuwa mia tatu. Wakapungua wakawa arobaini, wakawa sita, kisha akabaki peke yake. Mumewe alilalamikia gharama ya umeme, yeye hakuzima. Alibadilisha kompyuta mara tatu, na kila mara faili hilo ndilo lililotangulia kuhamishwa.

Sasa shikeni vifua. Mzee Kapaya aliumwa koo. Alipelekwa hospitali, akapasuliwa, akapona, lakini sauti ilibaki hukohuko. Alirudi Cheyo na daftari la kuandikia, na ndondo yenyewe ilikuwa imekwisha zamani. Watoto wa siku hizi walimwona babu bubu tu kibarazani. Siku moja Nyamizi, sasa mwanamke wa miaka ishirini na saba anayefungasha asali kwenye chama cha wafugaji nyuki, alimsikia mtoto akimwambia mwenzake, "Yule eti alikuwa mtangazaji," wakaangua kicheko. Baba yake alisikia pia. Alikunja daftari akaingia ndani.

Nyamizi aliumia, msiniulize kiasi gani. Akaapa atakitafuta kipande chochote cha sauti ile. Kanda za harusi, hakuna. Redio ya mji, hakuna. Akaenda kwa Kashindye.

"Dada, radi," Kashindye akasema. "Ile ya mwaka juzi iliyopiga nguzo. Kompyuta na diski zote ziliungua. Sina hata jezi moja." Akainamisha kichwa, na machozi yakamtoka mtu mzima.

Ndipo ng'ambo ya ukuta sauti ikasema, "Jaribuni kule nilikoliweka. Sidii yangu ilishakwaruzika zamani."

Kashindye alikaza shingo, lakini Nyamizi alikwisha kuzunguka ukuta. Wakatafuta. Dunia nzima ilikuwa imezima, isipokuwa kompyuta moja, Sumbawanga. Faili lilianza kushuka asubuhi likamalizika alasiri. Nyamizi akaipeleka kompyuta kitandani kwa baba yake, akawasha mechi, na mpira wa kwanza tu ukatoka nje.

"Nyamizi mwanangu, niletee maji, koo limekauka."

Aliinuka kabla hajafikiri. Alifika jikoni, akashika kikombe, akalia. Aliporudi alimkuta baba yake anacheka bila sauti, anapiga makofi, kisha anaandika kwenye daftari: Nataka wao wasikie. Niwasikie wakinisikia.

Basi hapo ndipo palipo na hadithi. Vijana wakaifufua ndondo, na redio ya mji ikakubali kutangaza ufunguzi Jumapili, ikianza na sauti ya Mzee, spika zote za uwanjani na redio zote za majumbani kwa pamoja. Mzee alikuwa amedhoofu, hawezi kutoka, lakini dirisha lake linatazama uwanja. Daktari alikuwa amemwambia Nyamizi faraghani asipange mambo ya mbali. Mwanasheria wa redio akaleta fomu. "Faili hili lina maneno ya kukataza ndani yake," akasema. "Siwezi kulipeleka hewani bila idhini ya mwenye nalo. Mwandike mwenye nalo, mmoja, naye ndiye atakayekuwa na kauli juu yake kuanzia leo. Nahitaji Ijumaa saa sita." Na msianze ujanja wenu. Nyamizi aliuliza kama anaweza kumwandika baba yake, akaambiwa sauti ni ya baba, faili ni jambo jingine. Akauliza kama waandikwe watatu, akaambiwa mstari ni mmoja. Alimuuliza baba yake, naye akaandika: Wewe ndiye mkubwa sasa. Amua.

Ijumaa asubuhi wale watatu wakakaa sebuleni kwa Nyamizi. Sikitu, aliyeandikiwa ujumbe kupitia mtandao uleule, alikuwa ameshuka basi jana yake.

"Kazi ni yangu," Kashindye akasema. "Miaka miwili ya macho yangu. Niandike mimi, na dada huyu akirudi kwake azime. Sikukataza kwa uchoyo. Nilishanyang'anywa jina mara moja, ikijulikana leo kwamba neno langu halina uzito, nitatengeneza nini tena?"

Mrisho alikuwa anatazama mikono yake. "Mdogo wangu, ningelishika lile neno lake, leo baba yako angesikiliza radi. Nilikosea kiapo, najua. Lakini miaka kumi na miwili naitwa mwizi. Ukiandika jina lake peke yake, sheria na redio zitakuwa zimethibitisha kwamba mimi ni mwizi. Watoto wangu watalisoma hilo."

"Kuapa ulilazimishwa?" Kashindye akauliza.

"Na gemu ulilazimishwa kuifungua?"

"Basi, kaka zangu, basi," Sikitu akasema. Alizungumza taratibu, mikono mapajani. "Mmoja alitengeneza akaacha. Mmoja alimwaga akaondoka. Mimi kila siku nililivunja lile katazo, kila siku, nikijua. Wala sitafuti sifa. Ila kuna watu wa Tabora huko nje, watu wazima sasa, ambao Jumapili huchota, wakasikiliza, wakazima, na faili likisita wananipigia. Niandikeni mimi na mlango utabaki wazi. Mkimwandika Kashindye nitazima, kwa sababu nitakuwa sina tena pa kujifichia. Nikizima mimi, kesho radi ikipiga hiyo redio, nani atakuwa nalo?"

Nyamizi aliwatazama mmoja mmoja, na kilichomuuma ni kwamba aliwapenda wote. Alijua yeyote atakayemwandika, wawili watatoka mlangoni wakiwa na donda, na asipomwandika mtu, Jumapili spika zitanguruma muziki wa kawaida na baba yake dirishani atawaona watu bila kusikiwa.

Ilikuwa saa sita kasoro dakika kumi. Mwanasheria alikuwa amesimama kizingitini, pikipiki yake inawaka nje. Chumba cha pili, Mzee Kapaya aligonga ukuta mara mbili, maana yake: mmefikia wapi? Nyamizi akaweka fomu mezani, akashika kalamu.

Kalamu hiyo ninakupa wewe unayenisikiliza. Usinitazame mimi, na mwenzako usimchungulie. Kuna aliyetengeneza na neno lake likavunjwa, kuna aliyevunja neno na kwa kuvunja akaokoa, kuna aliyelinda kitu ambacho hakuruhusiwa kuwa nacho, na kuna mzee dirishani anayesubiri. Mstari ni mmoja. Utaandika jina la nani?