Sauti ya Mzee Mahfudhi

Mtu mmoja alikuwa na sauti ambayo hakuna mlango uliowahi kuikatalia. Jina lake Mahfudhi, msimamizi wa nyumba kubwa ya ukoo, na kazi yake ilikuwa hodi. Mgeni akija, yeye ndiye aliyemwitikia karibu. Nyumba ikiwa na jambo kwa majirani, yeye ndiye aliyekwenda kubisha kwao. Alibisha kwa upole, mara tatu, akisimama pembeni ya mlango asije akachungulia ndani. Asipojibiwa mara ya tatu, aliondoka bila kinyongo. Watu waliposikia sauti ile walifungua kabla hawajauliza ni nani.

Bwana wa zamani alipofariki, nyumba ilikuwa imekwisha kushindwa katika ugomvi wa mpaka, na vijana wake walikuwa wamejaa hasira. Siku moja akaja mtu mwenye kelele, akasimama uani akiwatukana majirani na kuapa kuyarudisha mashamba yote. Vijana wakampenda. Wazee wakasema asiingie. Mahfudhi naye hakumpenda; alimwona mshamba, hajui hata kunawa kabla ya kula. Lakini vijana walikuwa wamemchosha, na zaidi ya hapo alijiamini mno. Akawaambia wazee kwamba mtu wa namna ile hufugwa: atakalishwa karibu na mlango, na yeye mwenyewe atamshika upindo wa kanzu. Kisha akamwitikia karibu.

Wiki haikuisha, mgeni alikuwa amekalia kiti cha bwana. Fundi cherehani na wanawe, waliokaa upenuni mwa nyumba ile tangu enzi za babu zao, wakaburutwa nje. Mahfudhi alisikia kilio akiwa anakunywa kahawa. Akaweka kikombe chini, akasimama, akakaa tena. Mkewe, Bi Zuwena, alikuwa akimtazama. Mahfudhi akamweleza kwamba akiondoka yeye, hatabaki mtu wa kumzuia mgeni. Baada ya siku chache mgeni akampa joho jipya, lililoshonwa kwa cherehani iliyobaki upenuni. Akalivaa, na kwa kweli lilimkaa vizuri.

Sasa majirani walikuwa wameujua mwendo wa mgeni, wakiusikia tu wanatia komeo. Kwa hiyo mgeni akamtanguliza Mahfudhi. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mkulima mmoja mpole, upande wa pili wa mpaka. Mahfudhi akasimama pembeni ya mlango kama ilivyo adabu, akabisha, akasema wamekuja kuzungumza. Mkulima akaitikia karibu, akafungua. Mahfudhi akasogea, kama mtu anayewapisha wakubwa, na vijana wenye mapanga wakapita. Yeye hakutazama. Alirudi nyumbani taratibu, akanawa mikono ambayo haikuwa na doa, akamwambia mkewe kwamba bila yeye mambo yangekuwa mabaya zaidi. Akaenda hivyo nyumba ya pili, na zilizofuata. Kila mara alikusudia kukataa safari itakayokuja.

Mwishowe majirani waliosalia wakaungana, wakaja kutoka pande zote. Nyumba kubwa ikawaka. Mgeni alijifungia chumbani, akafia humo, na Mahfudhi akatoka na Bi Zuwena mgongoni, kifua cha mama yule kimejaa moshi, anaomba maji. Mvua haikuwapo, kisima kilikuwa kimefukiwa. Akaanza kupita nyumba hadi nyumba katika jua la mchana. Kote alibisha, kote alisikia komeo likitiwa. Kiu ya mkewe ilimuuma kuliko aibu, basi akafika mpaka kwa mjane wa yule mkulima. Moshi ulikuwa unatoka jikoni, watu walikuwamo. Akasimama pembeni ya mlango, akabisha, akabisha tena. Mwanamke akajibu kutoka ndani, wala hakupandisha sauti.

"Sauti hiyo tunaijua, baba. Mume wangu ndiye aliyeiitikia."

Mahfudhi akaeleza, mdomo karibu na ubao wa mlango, kwamba yeye hakushika panga hata siku moja. Ilikuwa kweli. Akabisha mara ya tatu, na ndani pakawa kimya. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa adabu, akageuka na mzigo wake akaondoka. Bi Zuwena aliendelea kuomba maji mpaka njia panda, kisha hakuomba tena.

Basi ninyi mnaobaki ndani mkisema mnazuia, niambieni: ni mlango wa nani unaofunguka leo kwa sauti yenu, na nyuma yenu amesimama nani?