Kamba ya Ngiri na Kamba ya Nguchiro

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa nini?
Pakawa ardhi, pakawa kamba, pakawa na mjanja aliyelowa!

Sogeeni basi. Hapo kale Kiboko alikuwa na ardhi nyeusi kando ya mto. Mvua za kupandia zilikuwa zimekaribia. Ngiri akaja kuomba shamba, maana mwaka uliopita watoto wake walilala na njaa. Nguchiro naye akaja. Huyo, pakigawiwa kitu, hakosi.

Kiboko akawapa kila mmoja kamba ya hatua ishirini na nne.

"Zungushieni ardhi," akasema, "mtu asiweze kutoka kwa miguu bila kuvuka kamba. Ya ndani ni yenu. Mraba wa hatua moja, shina moja la viazi."

Ngiri akawaza: shamba refu ndilo kubwa. Akavuta kamba, akavuta, akavuta! Urefu hatua kumi na moja, upana hatua moja. Akaingia kulikagua. Kugeuka hawezi! Akatoka kinyumenyume, mkia juu.

Nguchiro yeye alifanya pande zote sawa, sita kwa sita. Mashina thelathini na sita. Ngiri je? Kumi na moja tu!

"Kamba yako ndefu!" Ngiri akafoka. "Tubadilishane!"

"Chukua, ndugu yangu," akasema Nguchiro, kicheko kimembana.

Ngiri akavuta, akavuta, akavuta. Kumi na moja.

"Nirudishie yangu!"

Akavuta, akavuta, akavuta. Kumi na moja!

Akaketi, akalia. Msicheke, nyie, ana watoto yule.

Mkewe, Mama Ngiri, akaja na jembe begani. "Kulikoni, mume wangu?"

"Kamba imerogwa."

Mama Ngiri akaitembea kamba polepole. "Upande huu kumi na moja, ule kumi na moja: ishirini na mbili. Toa kwenye ishirini na nne, zimebaki mbili za kugawa huku na huku. Urefu umekula kamba yote! Tupunguze."

Wakang'oa vigingi. Tisa kwa tatu: mashina ishirini na saba. Nane kwa nne: thelathini na mawili. Sita kwa sita: thelathini na sita.

"Tumemfikia!" Ngiri akaruka.

Lakini Mama Ngiri alikuwa anautazama mto.

"Hebu niambie. Kamba ya upande wa mtoni inamzuia nani?"

"Hamna. Samaki, labda."

"Basi iondoe."

Wakasogea mpaka ukingoni. Sita kupanda, sita kushuka, jumla kumi na mbili. Zilizobaki kumi na mbili wakazinyoosha sambamba na mto. Kumi na mbili mara sita, mashina sabini na mawili! Mara mbili ya Nguchiro!

"Nilisema mimi," Ngiri akajigamba, "refu ndilo kubwa."

Mkewe akaendelea kugonga kigingi.

Nguchiro akaja mbio na Kiboko. "Shemeji ametudhulumu! Pande tatu tu! Upande mmoja uko wazi kabisa!"

Kiboko akakuna shavu. "Uko wazi? Ingia, halafu utokee hapo kwa miguu."

Nguchiro akaingia kwa madaha. Hatua ya kwanza, ukingoni. Hatua ya pili, matopeni. Hatua ya tatu, chubwi! Mto ukambeba, miguu juu, kichwa chini, mpaka Kiboko alipomfuata na kumtupa ufukoni kama tambara.

"Haya, Nguchiro. Umetoka kwa miguu?"

Nguchiro akatema maji. Akatema tena. "Hapana, mzee."

"Basi kesi umeiamua mwenyewe."

Jioni ile mvua ikanyesha, na watoto wa Ngiri wakapanda viazi mpaka miche ikawaishia, ardhi ingali inabaki.

Ngano yangu nimeifunga kigingini. Ikiwa tamu, tuigawane sawasawa. Ikiwa chungu, niachieni shamba lote.