Siku Baraza Lilipobaki na Pimbi

Hapo zamani za kale, enzi zile ambazo Fisi bado aliaminiwa kushika funguo za ghala, wanyama wa Jimbo la Bondeni walikuwa na baraza lao la kutunga sheria. Lilikuwa baraza hasa, wanangu, lenye spika, kanuni na wajumbe wa kusinzia.

Chama cha Pembe kilikuwa na viti saba, na mkuu wake alikuwa Nyati. Chama cha Kucha nacho kilikuwa na viti saba, na mkuu wake alikuwa Simba. Tembo alikuwa spika. Yeye hapigi kura ila pande mbili zikilingana. Kiti kimoja kilichobaki, kile cha karibu na mlango penye upepo, kilikuwa cha Pimbi, mnyama wa mawe asiye na pembe wala kucha za kutisha. Alichaguliwa na wadogo wenzake: digidigi, kindi, panya na jamaa zao.

Mwaka huo jua liliwaka hata mawe yakalia taa! taa! Kikabaki kisima kimoja tu. Ndipo vyama viwili, ambavyo havikuwahi kukubaliana hata juu ya rangi ya majani, vikakubaliana kwa mara ya kwanza. Vikaleta muswada: Wakubwa Kwanza. Wakubwa wanywe, waoge, wagaragare. Wadogo waje jua likizama.

Muswada ulikuwa umesomwa mara mbili. Ukisomwa mara ya tatu na kupigiwa kura, umekuwa sheria.

Nyumbani kwake mwambani, Pimbi alimkuta mkewe amempakata mtoto wao wa mwisho, Tindi. Tindi alikuwa anatapika tangu alipokunywa matope.

"Baba Tindi," mkewe alisema, "kesho mnapiga kura?"

"Tunapiga. Wao kumi na wanne, mimi mmoja."

"Basi kaongee."

"Nimeongea mpaka koo limeota magamba, mke wangu. Jana nilipokuwa natetea hoja, Kifaru alikoroma."

"Na hao wakubwa hawana udhaifu?"

Pimbi alijikuna sikio, akafikiri. Udhaifu walikuwa nao. Walipenda mno kususia kikao. Chama kikiudhika kidogo tu, hicho! Mikia juu, vifua mbele, nje! Pimbi peke yake hakuwahi kususia. Alisema ni msimamo, ila majirani walijua ni miguu mifupi: angefika mlangoni hasira zimeshakwisha.

Ususiaji huo ulivuruga kazi hata vyama vyenyewe vikatunga kanuni, kila kimoja kikilenga kumkomoa mwenzake: kikao kikishafunguliwa, waliobaki ndani ndio baraza.

"Mama Tindi," Pimbi alisema taratibu, "kesho waite Nyani waje uwanjani. Waambie mheshimiwa yeyote atakayetoka nje apigiwe makofi."

"Wampigie kwa lipi?"

"Nyani akiulizwa kwa lipi, atakuja?"

Asubuhi Tembo aligonga rungu. Gooo! Kikao kikafunguliwa. Pimbi akapanda juu ya kiti chake ili aonekane.

"Mheshimiwa Spika, naunga mkono muswada!"

Wajumbe wakaangua kicheko. "Kadogo kameerevuka!" alisema Fisi.

"Ila naomba ufafanuzi," Pimbi aliendelea. "Muswada unasema wakubwa kwanza. Huyo mkubwa wa kwanza kabisa, atakayetia mdomo kabla ya wengine, ni nani? Tumwandike jina, tusije tukagombana kisimani."

Nyati akainuka. "Hilo nalo swali? Andika Nyati!"

"Ngurrr!" Simba aliruka. "Nyati? Mla majani? Nani anayeitwa mfalme hapa?"

"Mfalme wa kulala mchana!"

"Rudia!"

"Utulivu!" Tembo alipaza sauti. "Tutapiga kura. Wanaotaka Nyati?"

Pembe saba wakasimama. Simba akacheka, maana saba kwa saba ni sare. Kisha akaona kitu kinanyanyuka pale karibu na mlango.

"Na mimi," Pimbi alisema. "Nyati ana kifua cha kunywea."

Wanane! Simba akayahesabu yale mambo kichwani, akaona aibu inakuja mbio. "Chama cha Kucha hakitakaa katika baraza la dharau! Twende zetu!" Wakatoka wote saba, mikia juu.

Nje kukalipuka: pa! pa! pa! "Shujaa! Mtetezi wa wanyonge!" Nyani waliruka wakipiga makofi kwa mikono na miguu.

Ndani, Nyati aligeuza sikio. "Kelele gani hizo?"

"Wananchi, mheshimiwa," Pimbi alijibu kwa huzuni. "Wanamsifu Simba kwa kususia."

"Simba? Sisi ndio tuliofundisha jimbo hili kususia!"

"Ndiyo, lakini leo mmekaa."

Nyati akasikiliza tena. Pa! pa! pa! Hakustahimili. "Pembe! Tutoke! Na tutoke kwa kishindo!" Kwata, kwata, kwata! Vumbi likajaa mlangoni, na makofi yakaanza upya.

Wakabaki Tembo na Pimbi. Nzi mmoja alipita. Zzzzz.

"Mheshimiwa Pimbi," Tembo alisema, akijizuia kutabasamu, "umebaki wewe. Kwa kanuni, wewe ndiwe baraza. Una marekebisho?"

Pimbi alivitazama vile viti kumi na vinne. Kwa kufumba na kufumbua angeweza kuandika kwamba Simba na Nyati wasikanyage kisimani milele. Ulimi ulimwasha kusema hivyo. Akamkumbuka Tindi. Kisha akakumbuka kwamba hata mwambani kwa Simba kuna watoto, na kiu haiulizi chama.

"Pale palipoandikwa wakubwa," alisema, "paandikwe watoto. Watoto wa kila mnyama. Sisi wengine tutafuata, maji yakiwa bado safi."

Muswada ukasomwa mara ya tatu.

"Wanaoafiki waseme ndiyo."

"Ndiyo!" Kisauti kiliyumba hadi dari.

"Wasioafiki waseme siyo."

Nzi naye alikuwa ameshatoka.

"Nafikiri," alisema Tembo, "waliosema ndiyo wameshinda." Gooo!

Nyati na Simba walipopata habari, walinguruma hata kunguru wakahama. Simba alifika nyumbani akiapa, "Kesho naifuta sheria hii!"

Mkewe alikuwa ametoka kisimani na wanawe watatu, nyuso zao zikichuruzika maji safi. "Unaifuta ipi, Baba Watoto? Hii iliyowanywesha hawa?"

Simba akaketi, akaanza kuwaramba wanawe nyuso. Kwa Nyati mambo yalikuwa hayohayo, isipokuwa huko mke alikuwa na pembe.

Jioni Tindi alikunywa, akapumzika, akanywa tena. Kando yake mtoto wa Simba alikuwa akiramba maji, lap, lap. Juu mwambani baba yake Tindi alikuwa akifanya mazoezi ya kukaa.

Kisa kimefika kituoni, wanangu, nacho kimebeba neno moja: kiti kitupu hakipigi kura.