Hodi Mlangoni kwa Kigong'ota

Paukwa!

Pakawa!

Aa, mmeitika kama mliokatazwa. Paukwa!

Pakawa!

Haya, hivyo. Hapo zamani za kale palikuwa na fundi wa ngoma, ndege Kigong'ota. Mdomo wake ndio patasi yake. Mama yake alikuwa mgonjwa, amelala ng'ambo ya mto.

Akaja Fisi, bwana wa shughuli zote, domo limejaa sifa.

"Fundi, nataka ngoma kuu. Ingia ndani ya mvule huu mkavu, uchimbe peke yako. Kipaji kinataka upweke."

"Na mama?"

"Mama yako ni mama yetu, dada. Akizidiwa tutakuita."

"Mtaniita kweli?"

"He! Kwani unatuonaje?"

Kigong'ota akaingia. Akagonga. Gongeni nami: ko! ko! ko!

Chakula kililetwa, kikaachwa shinani. Aliyeleta akakimbia, maana Fisi amekwishatangaza: "Fundi asisumbuliwe!" Mwanzoni Kigong'ota alifurahi. Hakuna kelele, hakuna umbea. Kisha akaanza kuzungumza na vumbi la mti. Kisha hata vumbi akaacha kulisemesha. Kila akitaka kushuka amwone mama, anajiambia: wangeniita. Basi anagonga. Ko! ko! ko!

Mama akazidiwa. Wanyama wakatazamana.

"Nani atakwenda kumwita?"

"Haendi mtu," Fisi akasema. "Ngoma haijaisha. Tumheshimu fundi."

Wakamheshimu, wote, wamekaa.

Kobe, jirani wa mama, hakungoja ruhusa. Akajiburura, buru, buru, buru, hadi kwenye mvule. Kupanda hawezi. Akagonga shina kwa gamba lake: ko! ko! ko!

"Hodi! Mama anakuita!"

Kule juu, ndani: ko! ko! ko!

"Unakuja, mwanangu?"

Ko! ko! ko!

"Amesikia," Kobe akasema, akarudi zake.

Kigong'ota alisikia nini? Alisikia mdomo wake mwenyewe tu.

Ngoma ikaisha. Akatoka, jua likimchoma macho, akaruka moja kwa moja hadi ng'ambo. Kiota kitupu. Kobe amekaa chini yake.

"Mama yuko wapi?"

"Tumemzika. Mbona hukuja? Niligonga, ukaniitikia. Alikufa akiuliza umefika wapi. Nami namwambia, yuko njiani."

Kigong'ota hakulia. Alikwenda kwa Fisi.

"Uliniahidi!"

"Pole sana, dada. Lakini tulikuheshimu. Na ngoma, wallahi, inalia!"

"Ulinifungia kazini, ukasema ni heshima. Ulichokitaka ni ngoma."

Fisi akacheka. Anacheka mpaka leo.

Kigong'ota hakuingia tena mtini peke yake. Alihamia kwa Kobe, akachonga ngoma uwanjani, watoto wakimkanyagia vipande, majirani wakimuuliza maswali ya kipuuzi. Naye anawajibu. Anagonga kidogo, ananyamaza. Piteni msituni mtamsikia: ko! ko! ko! Kimya. Ko! ko! ko! Kimya. Anasikiliza kama kuna hodi. Ile aliyoikosa hairudi.

Funzo ni hili, na wakubwa mlifungue sikio: anayekwambia kazi yako inataka uwe peke yako, mtazame kwanza yeye anakula nini katika upweke wako. Nawe fundi, usingoje kuitwa. Shuka.

Hadithi yangu imeishia hapo. Mwenye ndugu aliyejifungia na kazi, asigonge shina akaondoka, apande.